Mabati Yaliyokwama Voi

Rwanda haina bahari. Mtoto wa shule hapa Kigali hulijua jambo hilo mapema, na wengi wakishakuwa watu wazima huendelea kuamini kwamba dhoruba na mafuriko ya pwani ni mambo ya watu wengine. Mimi imani hiyo ilinitoka nikiwa kijana. Mwaka 1997 nilikuwa utingo wa lori la mizigo kati ya Mombasa na Kigali. Mvua iliyoanza kuipiga pwani ya Kenya mwezi Oktoba mwaka ule niliongozana nayo njia nzima, mpaka kwenye milima yetu. Sasa nina wajukuu, na nimeona vitabu na magazeti yanayosimulia miaka ile ya Rwanda. Mvua ile haimo, au imetajwa mstari mmoja tu. Sishangai. Nchi ilikuwa na misiba mizito zaidi ya kuhesabu. Lakini walioiona wanazeeka, na yaliyotokea yana maana kwetu hata leo.

Mimi ni mzaliwa wa Biryogo, chini ya Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa Kigali. Vijana wa kwetu tangu zamani walishika biashara, ufundi wa magari na udereva, kwa sababu Kiswahili kilitufungulia njia hadi Bukavu upande mmoja na hadi Mombasa upande wa pili. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi zaidi ya milioni moja walirudi kutoka Zaire na Tanzania, juu ya wale waliokuwa wamerudi kabla yao baada ya kuishi ugenini miaka mingi. Nyumba hazikutosha, na nyingine zilikuwa kuta tupu zisizo na paa. Ukisimama Biryogo jioni ukatazama milima ya ng'ambo, uliona shitingi za buluu zimetandazwa juu ya miti, na chini ya kila moja familia inapika.

Kwa hiyo katika mizigo yote tuliyobeba, hakuna ulioulizwa kama mabati. Chumvi iliulizwa, mafuta ya kula yaliulizwa, sabuni iliulizwa, lakini mabati watu waliyangoja kama wanavyomngoja mgeni aliyeahidi kuja. Tukifika Gikondo kwenye maghala ya forodha ya MAGERWA, mafundi seremala walikuwa wamesimama nje ya uzio wakiuliza: mumeleta?

Dereva wangu alikuwa mtu wa Mombasa, rafiki wa kaka yake mama, nami nilimwita Mjomba. Nyumba yake ilikuwa Mikindani, kwenye mteremko wa kuelekea mkono wa bahari. Tulipofika Mombasa Oktoba ile, mji ulikuwa umenyong'onyea. Mwezi Agosti machafuko ya Likoni yalikuwa yameua watu na kuwafukuza wengine makwao, watalii walikuwa wameacha kuja, na wachukuzi wa Kilindini walizungumza kwa sauti za chini. Kusi lilikuwa limekwisha, kaskazi halijaanza kuvuma. Wazee walikaa barazani wakingoja vuli, mvua ndogo ambayo kwa kawaida haimtishi mtu wa pwani.

Iliponyesha haikuwa vuli waliyoizoea. Ilianza usiku, na kulipokucha ilikuwa bado inamwagika kwa uzito ule ule, bila upepo mkubwa, bila kupumua. Ilikatika kidogo mchana, watu wakatoka kuanika godoro, ikarudi. Bandarini kazi ilisimama, maana magunia ya nafaka na sukari hayateremshwi melini mvua ikinyesha. Barabara ya Makupa iligeuka mto. Chaani na Kisauni vyoo vya shimo vilifurika na maji yake yakachanganyika na ya visima, na baada ya muda mfupi tukaanza kusikia neno kipindupindu. Wazee wakasema hawajaona maji kama hayo tangu mwaka 1961, ile mvua kubwa iliyotangulia uhuru.

Usiku mmoja ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mjomba ulikwenda. Ulikuwa wa udongo na mawe, umekunywa maji siku nyingi, ukalala chini taratibu. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mkewe aliusikia ukilia, akawatoa watoto mapema. Tulibeba kilichobebeka kwa mwanga wa tochi: sufuria, msahafu, cherehani, begi la nguo za shule. Majirani waliokuwa hawasemezani tangu Agosti walishikana mikono kwenye ule mteremko wa tope wakapitishiana watoto. Familia ikahifadhiwa kwenye madarasa ya shule pamoja na nyingine nyingi.

Mzigo wetu ulikuwa tayari umepakiwa: mabati, bando juu ya bando, na juu yake magunia ya chumvi. Mjomba alitaka kubaki. Mkewe alisimama mlangoni mwa lile darasa, kanga imelowa hadi kifuani, akamwambia: "Nenda, baba watoto. Sisi tumeshafika kwa watu. Huo mzigo una watu wake wananyeshewa." Tukaondoka.

Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi niliifahamu kwa vituo vyake: Changamwe, Mazeras, mizani ya Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru. Mackinnon Road tulisimama kama madereva wengi wanavyosimama, kwenye kaburi la Sayyid Baghali karibu na reli, tukasoma Fatiha. Taru ni nyika ya miiba, na safari zote nilizoipita kabla ya hapo niliiona kavu. Sasa ilikuwa ziwa jekundu, vichwa vya miti vimechomoza, na mbuzi wamejaa juu ya tuta la reli kwa kuwa ndilo lililokuwa kavu peke yake. Lami ilikuwa imeng'oka vipande vipande. Mahali pengine nilishuka nikatangulia kwa miguu na fimbo mkononi kupima kina, Mjomba akinifuata kwa gia ya kwanza.

Karibu na Voi tukakuta foleni. Nilipanda juu ya turubai kuangalia mwisho wake, sikuuona. Huko mbele kalavati lilikuwa limesombwa, na pengo lililobaki lilikuwa na maji yanayokwenda kwa nguvu kiasi cha kuvingirisha mawe. Habari zilitufikia kutoka mdomo hadi mdomo kwamba na mbele ya Mtito Andei kumekatika. Reli haikuwa kimbilio, na kwenye njia ile kila mtu alijua kwa nini: mwezi Januari 1993 mafuriko yalikuwa yameng'oa daraja la mto Ngai Ndethya, treni ya abiria ikatumbukia usiku, wakafa watu zaidi ya 100. Mjomba aliizima injini. Nchi nne au tano zilikuwa zimepangwa kwenye foleni ile: mafuta ya kula ya Kampala, dawa za hospitali za Bukavu, mbolea, saruji ya Bujumbura, magurudumu, karatasi za shule, na mabati yetu.

Tulikaa pale siku nyingi. Mchana jua lilichomoza kidogo likachemsha matope, usiku mvua ikarudi. Tembo wa Tsavo walipita karibu, na hakuna aliyekubali kulala nje ya kabini. Kazi yangu ilikuwa kulinda mabati. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani bati haliogopi maji, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia maji. Likiwa juu ya nyumba ni kweli. Lakini yakiwa yamefungwa kwa bando, maji yakapenya katikati ya bati na bati na yasipate hewa, yanaota ukungu mweupe unaokula ile rangi ya fedha ya juu, na bati linafika likiwa limekwisha zeeka. Kila alfajiri niliingia chini ya turubai, nikayainua mabando kwa vipande vya mbao yapate mteremko, nikafuta kwa matambara, nikakaza kamba upya. Chumvi ilikuwa na shida yake, ilikunywa unyevu wa hewa ikawa nzito na kuanza kuchuruzika. Nilihamisha magunia ya juu yasiendelee kudondoshea mabati, maana maji ya chumvi ndiyo sumu kubwa zaidi.

Chakula kilipokwisha tuliunganisha sufuria. Mganda alitoa unga, Mkongo alitoa dagaa, sisi tulitoa mafuta ya taa ya jiko, na Msomali aliyekuwa na ngamia wachache kwenye lori alitoa maziwa. Hatukuwa na lugha nyingine ya kutuunganisha isipokuwa Kiswahili, kila mtu na chake, na kilitosha. Wanawake wa Kitaita waliteremka kutoka vilimani wakipita kwenye matope na ndizi na mahindi vichwani. Wapo waliopandisha bei, na siwalaumu, mashamba yao yalikuwa yamesombwa na ile ndiyo akiba iliyobaki. Lakini namkumbuka mama mmoja aliyeleta pure ya moto kwenye sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, akapita kwanza kwa madereva waliokuwa wagonjwa. Mmoja alipotaka kumlipa akamwambia, "Weka, mwanangu. Ukipona utalipa kwa mwingine."

Mgonjwa mkubwa alikuwa dereva wa Uganda aliyeshikwa na malaria. Siku ya tatu ya homa aliacha kututambua. Hospitali ilikuwa Voi, ng'ambo ya pengo. Matingo tulifungua kamba za maturubai tukaziunganisha, mtu mmoja aliyezaliwa ziwani akaogelea akiwa amezifunga kiunoni, akazikaza kwenye mti upande wa pili. Tukajipanga ndani ya maji yanayofika kifuani, bega kwa bega, tukampitisha yule mgonjwa juu ya vichwa vyetu akiwa amelazwa kwenye ubao wa lori. Ng'ambo kulikuwa na gari la watu tusiowajua, wakampokea. Tulimkuta baadaye mpakani Malaba, amekonda lakini anakula. Alishika mikono yetu mmoja mmoja asiseme kitu.

Njia ilipofunguliwa ilifunguliwa kwa mikono kabla ya mashine: mawe, magogo, mifuko ya mchanga. Tukatoka kwa zamu. Makindu, Masingasinga wa hekalu lile linalolisha wasafiri tangu zamani walitupa chapati na dengu bila kuuliza dini wala nchi ya mtu. Na mvua ilikuwa mbele yetu pia, si nyuma tu. Kenya nzima ilinyeshewa, hata uchaguzi wa Desemba 29 ukalazimika kuongezewa siku kwa sababu vifaa havikufika kwa wakati. Huko Garissa na mpakani mwa Somalia mifugo ilianza kufa, kisha watu, kwa homa ya Bonde la Ufa iliyoenezwa na mbu wa mafuriko, na mito Juba na Shabelle ikaua watu kama 2,000 nchini Somalia. Ziwa Victoria lilipanda karibu mita 1.7 katika miezi ile, likaimeza mialo ya wavuvi.

Tulivuka Malaba, tukapita Kampala, Mbarara na Kabale yenye maporomoko ya udongo, tukaingia Rwanda kupitia Gatuna. Nilidhani nikishafika nyumbani nimeiacha mvua. Niliikuta imetangulia. Umuhindo wa mwaka ule, msimu wetu wa mvua wa mwisho wa mwaka, ulikataa kukoma. Bonde la Nyabugogo lilikuwa maji matupu. Mashamba ya mabondeni, yale ya viazi vitamu na maharagwe ambayo watu walikuwa wamelima kwa matumaini makubwa baada ya kurudi, yalikuwa yameoza. Mama yangu aliniambia chumvi imepanda bei hadi watu wanainunua kwa kijiko, na kwamba yeye ameacha kukaanga sambusa za kuuza, kwa kuwa mafuta yamekuwa ya matajiri. Hakuijua Voi wala Taru. Lakini pengo lile la barabarani lilikuwa limefika jikoni kwake kabla yangu.

Sehemu ya mabati ilipelekwa upande wa Kabuga, nje ya mji, kwenye nyumba mpya zilizokuwa zikijengwa kwa ajili ya waliorudi. Tuliyapeleka wenyewe. Kuta za matofali mabichi zilikuwa zimesimama muda mrefu zikingoja paa, na kwa kukosa paa zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Nyingine zilikuwa zimekwisha anguka. Watu walikaa kando yake chini ya shitingi zilizotoboka, moshi wa kuni mbichi umejaa ndani, watoto wanakohoa. Tulipoanza kuteremsha bando la kwanza mwanamke mmoja wa makamo alikuja kushika bati kwa viganja vyote viwili, akalipapasa. Kisha akaniuliza kwa Kinyarwanda kwa nini tumechelewa hivi. Nikamweleza: huko baharini imenyesha mvua kubwa, barabara imekatika. Akaiangalia nyumba yake iliyokuwa imelala, akaniuliza: "Kwani mvua ya huko na hii yetu ni moja?"

Nilimjibu kwamba sijui. Swali lile nimeishi nalo.

Jibu lake lilipatikana baadaye, na nilisomewa na mwalimu mmoja wa jiografia wa hapa Nyamirambo. Mwaka 1997, pamoja na joto la El Niño kwenye bahari ya Pasifiki, bahari yetu ya Hindi nayo iligeuka. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia ndiyo yenye joto zaidi, na mawingu makubwa hukaa huko. Mwaka ule upande wa Indonesia ulipoa, upande wa Afrika Mashariki ukapata joto lisilo la kawaida, na pepo zikageuza mwelekeo. Misitu ya Indonesia ikakauka na kuwaka moto, na mvuke wa bahari ukasukumwa kwetu, ukapita pwani, ukapanda nyanda za juu, ukaja kumwagika hadi kwenye milima ya Rwanda. Wanasayansi wa Japani na India waliieleza hali hiyo rasmi mwaka 1999. Joto lilelile la bahari, mwanzoni mwa 1998, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya.

Kwa hiyo mama yangu wa Kabuga, popote ulipo, ndiyo. Ilikuwa moja. Mvua iliyobomoa ukuta wa Mikindani ndiyo iliyozuia mabati Voi, na ndiyo iliyoyeyusha matofali yako ulipokuwa ukiyangoja mabati hayo. Mlipigwa mara mbili na pigo moja, mara ya kwanza kutoka juu na mara ya pili kupitia barabarani. Hilo ndilo nililoliona na ndilo ninalotaka vijana wa Kigali walijue: nchi isiyo na bahari hupigwa na dhoruba ya bahari mara mbili.

Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Baada ya mvua ile ya 1997 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za kanda yetu walianza kukutana kabla ya kila msimu kutabiri mvua kwa pamoja, mkutano wao wa kwanza ukafanyika Nairobi mwezi Februari 1998. Viwanda na maghala ya bonde la Gikondo vilihamishwa ili ardhi oevu ipate kufanya kazi yake ya kunywa maji. Mizigo yetu mingi siku hizi inapita Dar es Salaam na Rusumo badala ya Mombasa na Gatuna. Wapo wanaodhani kubadili njia kumetuondoa hatarini. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, kikasimamisha vivuko vya Zanzibar na kukata barabara ya kusini kwenda Lindi. Kingepiga kaskazini kidogo kingeikuta bandari yenyewe tunayoitegemea. Na mwaka mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, mto Sebeya ukafurika, milima ya Karongi na Rutsiro ikaporomoka juu ya nyumba. Fikiria misiba hiyo miwili ingeangukia wiki moja: paa zinahitajika Rubavu, na barabara ya kuzileta imekatika pwani.

Siandiki haya kuwatisha watu. Naandika kwa kuwa tumepewa nafasi ya kujiandaa ambayo sisi wa 1997 hatukuwa nayo. Utabiri upo, simu zipo, barabara ni bora. Kinachokosekana ni mazoea ya kuhesabu pwani kuwa ni yetu. Tangazo la dhoruba likitolewa Dar es Salaam au Mombasa, lisomwe Kigali siku hiyohiyo na wenye maghala ya chumvi, dawa, mafuta na mabati, nao wajaze maghala kabla mawingu hayajafika. Mabati ya akiba yawekwe katika kila wilaya yenye milima inayoporomoka. Na nchi zinazotumia barabara moja zichangie kalavati zake, hata zile zilizo mamia ya kilomita kutoka mpakani kwao, kwa sababu siku kalavati linapoondoka, wa Kabuga ananyeshewa sawa na wa Voi. Sisi tuliopita pale tulilijua hilo tukiwa ndani ya maji yanayofika kifuani, Mganda, Mkongo, Mkenya, Msomali na Mnyarwanda, tumeshika kamba moja. Serikali zetu zina uwezo mkubwa kuliko matingo, na haziwezi kukosa kufanya walichofanya wao.